Kompyuta Ikigoma Kila Jioni: Somo Tulilopata Miasenyi

Ukitoka Mombasa na ile treni ya Madaraka Express inayosimama njiani, ukishapita Mariakani kituo kinachofuata ni Miasenyi, halafu Voi. Abiria wengi hawashuki hapo. Wanabaki wamekodoa macho dirishani wakitafuta ndovu kwenye vichaka, na kabla hawajaona hata swara, treni imeshaondoka.

Sisi tulishuka. Tulikuwa tumeenda kukutana na wateja na mawakala, kuwaonyesha jinsi ya kusoma taarifa ya akaunti zao za simu. Mazungumzo yalienda vizuri, chai ikaletwa, na tulipokuwa tunafunga mikoba mama mmoja mwenye duka akatushika mkono.

"Wanangu, hayo ya simu nimeyaelewa. Sasa njooni mniambie hii kompyuta yangu ina pepo gani."

Mama huyu, ambaye ameomba tusimtaje jina, ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Hisa zote, mikopo yote na faini za kuchelewa ziko kwenye faili moja ya Excel, ndani ya kompyuta ya mezani iliyo chumba cha nyuma. Aliinunua Mombasa ikiwa imeshatumika. Kwa miaka miwili haikumsumbua. Kisha mwezi wa nane ikaanza: inaganda, skrini inageuka bluu, inajizima na kujiwasha yenyewe, halafu inaandika kwamba diski ina makosa na inahitaji kukaguliwa. Kila mara, karibu na saa moja jioni.

Tulipofika ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili chama hugawana. Kila mama anapewa alichoweka pamoja na faida, na wengi wanategemea pesa hiyo kwa karo ya Januari. Kwa hivyo haikuwa tu habari ya mashine kuharibika. Lilikuwa swali la nani aliweka nini, na nani ataaminiwa.

Kumbe ni somo ambalo wengi wetu tunalihitaji. Hebu tulipitie pamoja.

Pesa iko wapi, na rekodi iko wapi?

Tuanze na kitu kinachochanganya watu. Pesa yako ya simu haiko ndani ya simu. Simu ikianguka kisimani, salio lako liko salama kwenye mitambo ya kampuni, na ukirudisha laini yako utalikuta. Historia ya miamala nayo ni hivyo hivyo: unaweza kuomba taarifa ya akaunti ukaipata tena.

Lakini ile hesabu unayojiandikia mwenyewe, kwenye daftari au kwenye kompyuta, hakuna anayekutunzia. Ikipotea, imepotea.

Mama alituonyesha kwa nini taarifa ya akaunti peke yake haitoshi. Mara nyingi mwanachama mmoja hutuma mchango wa watu watatu kwa mpigo, kwa sababu wenzake wako mbali na kituo, au simu zao hazina chaji. Taarifa inaonyesha jina moja na shilingi 1,500. Haionyeshi kwamba hizo ni shilingi 500 za fulani, 500 za dada yake na 500 za jirani. Mgawanyo huo uko kwenye faili ya Excel tu, na faili iko kwenye diski inayougua.

Mbona kuweka Windows upya hakukusaidia?

Tangu mwezi wa nane mama alikuwa amemwita fundi mara tatu. Mara zote tatu dawa ilikuwa moja: futa kila kitu, weka Windows upya. Kompyuta inarudi nyepesi, inakimbia kwa wiki mbili, halafu mambo yanakuwa yale yale. Mara ya tatu fundi alifuta kabla ya kunakili faili ya chama. Bahati nzuri, binti ya mama alikuwa na nakala ya zamani kwenye barua pepe, wakajaza zilizobaki kutoka kwenye daftari.

Hatumlaumu fundi. Kuna wakati Windows ndiyo imeharibika kweli, na kuiweka upya ni tiba. Ila ugonjwa ukirudi mara tatu baada ya dawa ile ile, pengine si ule ugonjwa. Ni kama kubadilisha tairi kila wiki bila kuangalia msumari uliobaki barabarani.

Makosa ya diski yanayojirudia yanaweza kutoka sehemu tano: diski yenyewe, waya unaoiunganisha, kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, umeme, au joto na vumbi. Zote tano zinaleta dalili zinazofanana. Ndiyo maana kubahatisha ni gharama.

Diski za kawaida, zile zisizo SSD, zina sahani ndani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa fikiria kifaa cha namna hiyo kwenye chumba chenye joto la Voi, vumbi jekundu linaloingia kila lori likipita, na stima inayocheza. Ajabu ni kwamba ilidumu miaka yote hiyo.

Hatua ya kwanza: okoa, ndipo utengeneze

Watu wengi hukosea hapa, nasi tungekosea. Ukiona ujumbe wa makosa ya diski, hamu yako ni kutengeneza. Ngoja kwanza. Kila dakika ambayo diski inayokufa inafanya kazi inaweza kuwa ya mwisho, na ukaguzi wenyewe unaichosha. Nakili faili muhimu kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na zile ambazo huwezi kuzipata tena: hesabu za chama, orodha ya wateja, picha za familia, kazi za shule. Programu na sinema ziache. Faili ya Excel ya chama ni ndogo, inaingia kwenye flashi na nafasi inabaki tele.

Sheria rahisi ya bekapu ni tatu, mbili, moja. Kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mama tulifanya hivi: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kwenye sanduku la chama, na moja kwenye akaunti yake ya Google, ambayo kwa bure hutoa nafasi ya hadi GB 15. Bando la kupakia faili ile halikufika bei ya soda.

Na kama diski inatoa mlio wa tak-tak-tak, au mkwaruzo, izime papo hapo. Usiwashe tena ujaribu bahati. Mlio huo unaonyesha kuna kitu ndani kimevunjika, na kila ukiwasha unaweza kuwa unakwaruza data yako. Hiyo ni kazi ya mtu wa kuokoa data, si ya programu ya bure.

Hatua ya pili: soma daftari la kompyuta

Kompyuta ya Windows ina daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, fungua sehemu ya Windows Logs kisha System. Utaona mistari mingi, mingine ya kutisha. Usiogope, tafuta namba hizi tu:

- 7: diski imekuta sehemu mbovu.
- 51 na 153: kompyuta imepata shida kuongea na diski, ikalazimika kujaribu tena.
- 55: mpangilio wa faili kwenye diski umevurugika.
- 41: kompyuta ilizimika bila kuzimwa vizuri.

Angalia namba, halafu angalia saa. Andika pembeni. Kwa mama tulikuta 153 nyingi, 55 chache, na 41 nyingi sana. Namba 41 haikuambii nani mkosaji. Inasema tu kwamba mashine ilikatika ghafla. Lakini saa zake zilikuwa zinasema kitu: karibu zote zilikuwa kati ya saa moja na saa mbili usiku. Tuliziandika, ila wakati ule hatukuzielewa.

Hatua ya tatu: iulize diski yenyewe

Diski nyingi hujipima afya zenyewe. Mfumo huo unaitwa SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaweza kuusoma. Ukiifungua utaona rangi: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Lakini usiishie kwenye rangi. Angalia mistari hii:

- 05, sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Sifuri ni salama. Ikipanda wiki kwa wiki, diski inaisha.
- C5, sehemu zinazosubiri uamuzi. Diski imeshindwa kuzisoma na haijajua kama zimekufa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mstari huu unaweza kupanda, na pengine ukarudi sifuri baadaye.
- C7, makosa ya mawasiliano. Mara nyingi mkosaji hapa ni waya, si diski.

Namba zenyewe huandikwa kwa mtindo unaochanganya tarakimu na herufi, kwa hivyo usihangaike kuzihesabu. Jiulize mawili tu: ni sifuri au si sifuri? Na je, inapanda?

Kwa mama 05 ilikuwa sifuri. C5 ilikuwa na kidogo. C7 ilikuwa imejaa.

Hapo mwenzetu wa idara ya teknolojia, tuliyekuwa naye kwenye simu, akacheka. "Fungueni hilo sanduku."

Hatua ya nne: waya, vumbi, joto

Tulizima kompyuta, tukang'oa plagi ukutani, tukafungua lile sanduku ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Vumbi jekundu lilikuwa limelala kama unga. Feni ilikuwa imevaa koti. Na waya wa SATA, ule mwembamba bapa unaotoka kwenye diski kwenda kwenye madabodi, ulikuwa umelegea upande mmoja na kukunjwa upande wa pili.

Tulipuliza vumbi tukiwa tumeishikilia feni isizunguke, na mama akatuma mtu wa boda boda Voi alete waya mpya. Hicho ni kipuri cha bei nafuu, na bado hakuna aliyekuwa amekigusa mara zote tatu.

Kitu kimoja cha kukumbuka: ukibadilisha waya, ile namba ya C7 hairudi sifuri. Inabaki pale pale ilipofika. Ushindi ni kwamba imeacha kupanda.

Hatua ya tano: ukaguzi wa Windows na RAM

Sasa, baada ya kuokoa faili na kushughulikia waya, ndipo unaruhusu Windows ijitengeneze. Tafuta Command Prompt, ifungue kama msimamizi, kisha uandike:

chkdsk C: /f

Itakuambia diski inatumika, uliza kama ifanye ukaguzi ukiwasha tena. Jibu Y, kisha uwashe upya. Amri hii hurekebisha mpangilio wa faili. Kuna nyingine, chkdsk C: /r, inayopekua sehemu kwa sehemu ikitafuta zilizokufa. Hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na kwa diski iliyochoka ni kama kumkimbiza mgonjwa mbio za marathoni. Usiianze kama hujanakili faili zako, wala kama stima yako haina uhakika.

Baada ya hapo andika sfc /scannow, ambayo hukagua faili za Windows zenyewe.

Usisahau RAM. RAM mbovu huharibu data kabla haijafika kwenye diski, kisha lawama zote zinaangukia diski. Bonyeza kitufe cha Windows, andika mdsched, na uache kompyuta ijipime. Ya mama ilipita bila kosa.

Tukawasha. Ikakaa vizuri jioni nzima. Mama akatufungia mahamri ya safari, sisi tukapanda treni tukijiona mafundi.

"Wanangu, imerudi"

Siku kumi na tatu baadaye simu ikalia.

Tulimwomba atutumie picha za skrini. C7 ilikuwa haijapanda hata moja. Kwa hivyo waya ulikuwa kosa la kweli na tulikuwa tumelitibu. Lakini 41 zilikuwa zimeongezeka, saa ile ile. C5 ilikuwa imepanda. Na sasa hata 05, iliyokuwa sifuri, ilikuwa na namba.

Tukamwuliza: mama, saa moja jioni hapo kwako kunatokea nini?

Akanyamaza kidogo. "Hapa nyuma kuna kijana wa kuchomelea vyuma. Malori yakiharibika barabarani huletwa kwake. Mchana jua ni kali, kwa hivyo anaanza kazi jioni. Akiwasha mashine, taa zangu zinafifia."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya saa moja jioni. Stima yetu Kenya inatakiwa kuwa volti 240. Mashine ya kuchomelea ikiwaka kwenye laini hiyo hiyo, inavuta umeme mwingi ghafla, na nyumba za karibu zinapata mnyauko. Balbu inafifia tu na kurudi. Kompyuta haina subira hiyo. Inazimika katikati ya kuandika, na ikifanya hivyo kila jioni kwa miezi, faili zinavurugika, na diski ya zamani inaendelea kuumia.

Kumbe kulikuwa na matatizo matatu, moja juu ya jingine: waya mbovu, stima inayonyauka, na diski iliyochoka. Kila fundi aliyeweka Windows upya alikuwa anapaka rangi ukuta wenye ufa.

Uamuzi: tengeneza au badilisha?

Kanuni yetu ni hii. Kama ni waya, joto, RAM au umeme, tengeneza. Kama 05 inapanda, usibishane na diski. Badilisha.

Mama alinunua SSD ya ukubwa wa inchi 2.5. SSD haina sahani inayozunguka, kwa hivyo haina cha kukwaruza, na kompyuta ya zamani huwaka kwa haraka ya kushangaza. Alinunua pia UPS ndogo yenye kurekebisha volti, ya kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Bei hubadilika, kwa hivyo uliza maduka matatu kabla ya kulipa. Na ukinunua kompyuta iliyotumika, omba kuonyeshwa hali ya SMART papo hapo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kwa kijana wa kuchomelea, mama alienda mwenyewe. Walikubaliana: akitaka kuwasha mashine, anapiga mluzi kwanza. UPS ni nzuri, lakini ujirani nao una kazi yake.

Karibu atume pesa kwa mwizi

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Katika hizo wiki mbili za mwisho, binti ya mama alikuwa akitafuta msaada kwenye intaneti. Ukurasa mmoja ukajaa skrini nzima, king'ora kikalia, na maandishi yakasema kompyuta ina virusi, usiizime, piga namba hii sasa. Akapiga. Mwanamume mwenye sauti ya upole akamwambia anaona makosa ya diski kutoka alipo. Akataka wasakinishe programu ya kumruhusu aingie kwenye kompyuta yao, na watume ada kwa simu "kabla data haijafutika".

Mama alikuwa ameshaandika namba. Kilichomwokoa ni kwamba kabla ya kuthibitisha aliliangalia jina lililotokea. Lilikuwa jina la mtu binafsi, si la kampuni yoyote. Akasitisha, kisha akatupigia.

Mwizi hukuvizia ukiwa na hofu. Kompyuta inayogoma ni mlango mzuri kwake. Kwa hivyo shika haya:

- Ujumbe wa kweli wa makosa kutoka Windows hauna namba ya simu ya kupiga. Ukiona namba, ni utapeli.
- Hakuna mtu anayeweza kuona makosa ya diski yako kutoka mbali kabla hujamfungulia mlango.
- Usisakinishe programu ya kumpa mgeni udhibiti wa kompyuta au simu yako. Akiingia anaweza kuona jumbe na nywila zako.
- PIN yako haihusiani na ukarabati wa kitu chochote. Hakuna fundi, na hakuna mfanyakazi wetu, anayehitaji kuijua.
- Ukurasa ukikwama na king'ora kinalia, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, fungua Task Manager, ufunge kivinjari.
- Ukishatuma kimakosa, piga huduma kwa wateja mara moja kupitia namba rasmi iliyo kwenye programu yetu. Usitafute namba hiyo kwenye intaneti.

Unapomlipa fundi

Mafundi wengi ni watu wa kazi. Wewe pia uwe mteja wa kazi.

Kubaliana bei ya ukaguzi na bei ya matengenezo tofauti. Andikianeni hata kwa ujumbe mfupi: tatizo ni nini, kipuri gani kinabadilishwa, kama faili zitabaki. Swali la "utanakili faili zangu kwanza?" liulizwe kabla sanduku halijafunguliwa. Lipia kipuri ukikiona, lipia kazi ikifanya kazi. Soma jina kabla ya kuthibitisha, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Huo ndio risiti yako tatizo likirudi.

Na kabla ya kukabidhi kompyuta, ondoka kwenye akaunti zako za barua pepe, futa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na uondoe picha za vitambulisho. Kama wewe ni wakala au mweka hazina unayehifadhi majina na namba za watu, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Diski ya zamani usiiuze na usiitupe na data ndani. Mama aliifunga kwenye mfuko na kuiweka na vitabu vya chama.

Siku ya kugawana

Chama kiligawana katikati ya Desemba, chini ya mwarobaini ulio mbele ya duka. Mama alituambia walipanga hivi: faili ya Excel upande mmoja, taarifa ya akaunti ya simu upande wa pili, daftari katikati. Walisoma mstari kwa mstari, kwa sauti.

Vilipishana mahali pamoja tu. Mchango wa shilingi 500 wa mwezi wa tisa ulikuwa kwenye taarifa lakini haukuwa kwenye faili. Ulikuwa umeingia jioni moja ambayo kompyuta ilizimika kabla mama hajahifadhi. Daftari likaonyesha ni wa nani, mwenyewe akaitwa, akapewa haki yake. Watu wakapiga makofi.

"Hizo mia tano," mama alituambia, "zingeweza kuvunja chama. Si kwa ukubwa wake. Kwa maneno."

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujalala, fanya kitu kimoja tu. Chukua ile faili ambayo ikipotea utashindwa kuwaangalia wenzako usoni, na uinakili mahali pengine. Ikiwa ni daftari, lipige picha. Haitachukua dakika kumi.

Na kama stima yako inafifia jioni, nenda nyuma ya nyumba ukaangalie nani anachomelea.